Kanisa la Canterbury: waliolijenga, na waliopewa nafasi chini yake

 

Mwezi huu tumechagua kuandika juu ya jengo la mbali: kanisa kuu la Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza. Kuna wenzetu waliotuuliza hata kabla hatujamaliza: jengo la Wazungu lenye miaka zaidi ya 800 linatuhusu nini sisi? Tuna maji ya kufuata foleni, tuna mgao uliopungua, tuna vibali visivyotoka. Ni swali la haki. Jibu letu ni hili: kanisa lile, ambalo watu wengi wakiliona wanasema "hii ndiyo Uingereza yenyewe", sehemu yake maarufu ilianzishwa na fundi mgeni, kwa mawe yaliyovuka bahari, na kaburi lililolipa jina lilikuwa la mtu aliyewahi kuwa mkimbizi. Halafu, kwa zaidi ya miaka 400, wakimbizi wamekuwa na mahali pao pa kusali chini ya sakafu yake. Haya si mahubiri. Kwenye kundi letu wapo Waislamu, Wakatoliki, Walokole, na wasiosali kabisa. Ni habari ya ujenzi, na ya watu.

Tuanze na huyo mkimbizi. Thomas Becket alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1162. Kabla ya hapo alikuwa rafiki wa karibu wa Mfalme Henry II, mtu wa ikulu kabisa. Alipopata uaskofu wakagombana, hasa juu ya nani ahukumu makasisi wanaoshtakiwa kwa makosa: mahakama ya mfalme au ya Kanisa. Mwaka 1164 mambo yalichacha, akatoroka usiku na kuvuka bahari mpaka Ufaransa. Mfalme hakuishia kwake tu. Aliwafukuza nchini ndugu zake na watumishi wake pia. Sisi wengine hatuhitaji kuelezwa hiyo inafananaje.

Becket alikaa uhamishoni miaka sita. Kwanza aliishi kwa watawa wa Pontigny, kisha akahamia mji wa Sens. Pale Sens watu walikuwa wakijenga kanisa kuu la aina mpya, lililoanzwa karibu na mwaka 1140, moja ya makanisa ya kwanza kabisa ya mtindo tunaouita leo Gothiki. Aliishi karibu na kazi ile kwa miaka kama minne. Mwanzoni mwa Desemba 1170 akarudi nyumbani baada ya mapatano na mfalme. Hakumaliza hata mwezi mmoja. Tarehe 29 Desemba askari wanne wa mfalme waliingia kanisani wakamuua humo humo ndani. Watawa walimzika kwenye kripti, yaani kanisa la chini, lililo chini ya sakafu ya kanisa kubwa. Mwaka 1173 Papa akamtangaza mtakatifu, na watu wakaanza kumiminika kutoka kila upande. Mfalme mwenyewe alikwenda Julai 1174 kupiga magoti mbele ya kaburi na kuomba toba.

Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Septemba 1174, kanisa likaungua.

Habari za moto ule tunazijua vizuri kwa sababu mtawa mmoja, Gervase, aliandika yote kama shahidi. Moto ulianza kwenye nyumba ndogo nje ya geti. Nyumba tatu ziliungua, watu wakazima, wakarudi makwao wakijua mambo yamekwisha. Kumbe upepo ulikuwa umepeleka cheche mpaka juu ya kanisa, zikapenya chini ya mabati ya risasi, kwenye mbao kavu. Moto ukala ndani kwa ndani bila mtu kuona. Walipokuja kuona moshi, risasi ilikuwa inayeyuka. Sehemu ya mashariki, ambamo watawa walikaa kusali na kuimba, iliteketea. Yeyote aliyewahi kuona turubai likishika moto kambini wakati wa kiangazi anajua jinsi dakika chache zinavyotosha.

Watawa wakahamia kwenye ukumbi mkubwa wa upande wa magharibi, wakajitengea nafasi yao kwa ukuta mfupi. Walisali humo kwa zaidi ya miaka mitano. Yaani na wao, ndani ya kanisa lao wenyewe, waliishi maisha ya muda.

Waliita mafundi wa Uingereza na wa Ufaransa kutoa ushauri. Si unajua mafundi wakikutana: huyu anasema nguzo zitarekebishwa, yule anasema zote zing'olewe. Kati yao alikuwepo Mfaransa mmoja, William wa Sens. Ndiyo, Sens ile ile alikokimbilia Becket. Watawa wakampa kazi, wengine wakarudi kwao.

Hapa kuna jambo tunawaomba ndugu zetu wa mashirika walisome mara mbili. William alichunguza kuta zilizoungua kwa siku nyingi. Alijua mapema kwamba nguzo zote zilizoharibika lazima zibomolewe, na gharama itakuwa kubwa. Lakini hakulimwaga hilo siku ya kwanza mbele ya watu waliokuwa bado wanalia. Aliendelea kuandaa vifaa. Alipoona wameanza kutulia kidogo, ndipo akawaambia ukweli wote: mkitaka jengo salama, hizi nguzo ziondoke. Wakakubali. Unaweza kusema aliwaficha. Sisi tunaona tofauti na taarifa nyingi tunazosomewa kwa kipaza sauti: yeye alikuwepo kila siku, alirudi kuwaambia mwenyewe, na uamuzi wakaufanya wao.

Mawe mazuri yalitoka Caen, huko Normandy, yakavushwa baharini. William alibuni mashine za kupakia na kupakua mawe kwenye meli. Pia aliwapa wachongaji vielelezo vya umbo, ili kila jiwe litoke kwenye patasi likiwa na umbo linalotakiwa. Mwaka wa kwanza ulipita zaidi katika kubomoa na kuandaa, kisha nguzo zikaanza kupanda chache kila mwaka.

Sasa, Gothiki ni nini hasa? Tueleze kwa mikono, maana wengi wetu tumewahi kuchanganya udongo na kupanga tofali. Simameni wawili mkitazamana, mweke viganja kwa viganja juu, kisha kila mmoja arudishe miguu nyuma huku mkiegemeana. Hilo ndilo tao. Mtasikia miguu inataka kuteleza kwenda nje. Kadiri mnavyolala chini ndivyo msukumo wa nje unavyozidi. Mkisogeleana mkawa wima zaidi, msukumo unapungua. Sasa waite wenzenu wawili wasimame nyuma yenu na kuzuia visigino. Mtatulia hata mkiegemeana kwa nguvu.

Makanisa ya zamani ya mawe yalikuwa na matao ya mviringo, nusu duara. Tao la namna hiyo likitaka kupanda juu lazima lipanuke, na dari la mawe juu yake linasukuma kuta kwenda nje. Dawa yao ilikuwa kujenga kuta nene sana zenye madirisha madogo, na ndani giza. Mafundi wa Gothiki waliunganisha mambo matatu. La kwanza ni tao lenye ncha juu, ambalo linaweza kupanda bila kupanuka sana, na uzito wake unashuka zaidi kwenda chini kuliko kwenda pembeni. La pili ni mbavu za mawe kwenye dari: unajenga kwanza mbavu juu ya fremu ya mbao, kisha unajaza katikati kwa mawe mepesi, na uzito unafuata mbavu mpaka kwenye nguzo. La tatu ni egemeo za nje, mikono ya mawe inayosukuma ukuta kurudi ndani, kama wale wenzenu wawili mliowaweka nyuma. Uzito ukishajua njia yake, ukuta unaachiliwa. Unaweza kuutoboa na kuweka kioo. Ndo maana makanisa haya yana mwanga wa rangi nyingi: vioo vinakaa pale ambapo zamani ungekuta ukuta mtupu.

Gervase aliona tofauti kwa macho yake. Anasema zamani matao yalichongwa kwa shoka, sasa kwa patasi. Zamani dari la sehemu ile lilikuwa la mbao zilizopakwa rangi, sasa la mawe. Na nguzo mpya zilikuwa ndefu kuliko za zamani.

Halafu Septemba 1178 ikatokea ajali. William alikuwa juu akiandaa dari kubwa. Mbao za jukwaa zikaachia chini ya miguu yake, akaanguka kama mita 15, pamoja na miti na mawe. Hakufa, ila aliumia vibaya, akawa mtu wa kulala kitandani. Baridi ilikuwa inakuja na dari lazima limalizwe. Akaendelea kuongoza kazi kutoka kitandani, akampa usimamizi mtawa mmoja kijana, mwenye akili na bidii. Gervase hakuficha kilichofuata: wivu na chuki, kwa sababu kijana yule alionekana kuwazidi ujuzi watu wenye mali na vyeo. Lakini kazi ilisonga.

William alipoona hapati nafuu akaaga, akavuka bahari kurudi kwao. Mahali pake akachukua William mwingine, Mwingereza, mdogo wa mwili lakini hodari na mwaminifu kazini. Pasaka ya mwaka 1180 watawa wakaingia kwenye sehemu mpya, na mwaka 1184 upande wa mashariki ambako kaburi la Becket lingehamishiwa ulikuwa umejengwa. Mwili wenyewe ulipandishwa kutoka kripti mwaka 1220. Madirisha ya pale juu yana picha za kioo za watu wa kawaida waliokuja kaburini: wagonjwa, watoto, hata mtu aliyerukwa na akili akiletwa amefungwa huku akipigwa fimbo. Baadhi ya vioo vile vipo mpaka leo.

Yaliyofuata tuyapitie haraka. Ukumbi wa magharibi ulijengwa upya kuanzia mwaka 1377. Mnara wa katikati, unaofika mita 72 hivi, ulimalizika mwishoni mwa karne ya 15. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliamuru kaburi la Becket livunjwe na mali yake ikachukuliwa. Lililobaki ni nafasi tupu juu, na chini ya kanisa kripti ya zamani, ile ambayo moto wa 1174 haukuiangusha, yenye nguzo fupi nene na vichwa vya nguzo vilivyochongwa wanyama wakipiga ala za muziki.

Ni ndani ya kripti hiyo ndipo waliingia wakimbizi.

Walikuwa Wawaluni, watu wanaosema Kifaransa kutoka eneo ambalo leo ni Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Walikuwa Waprotestanti chini ya utawala wa Kikatoliki wa Hispania. Mwaka 1567 Mtawala wa Alba alifika huko na jeshi, na waliokimbia waliongezeka sana. Miaka ya 1570 kundi kubwa lilipata ruhusa ya kukaa Canterbury. Baadaye, Mfalme Louis XIV alipofuta mwaka 1685 sheria iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, wakaja wengine, Wahuguenot. Hao ndio walioleta katika Kiingereza neno ambalo leo limeandikwa kwenye kadi zetu. Refugee limetoka kwenye Kifaransa, na Waingereza walianza kulitumia kwa ajili yao. Tena jina Gothiki lenyewe lilianza kama tusi. Waitaliano wa karne ya 16 waliuona mtindo ule mbaya, wakausingizia Wagothi, watu wa kuhamahama waliowahi kuvamia Roma. Mafundi waliojenga hawakuwahi kujiita hivyo.

Wawaluni walipofika Canterbury waliandika maombi kwa wakuu wa mji. Tumeyasoma na kuyarudia. Hawakuomba chakula kwanza. Waliomba mahali pa kusali kwa namna yao na pa kuzika wafu wao. Waliomba mwalimu wao aruhusiwe kufundisha watoto wao, na pia mtu yeyote mwingine anayetaka kujifunza Kifaransa. Na waliomba ruhusa ya kufanya kazi zao za mikono, hasa kufuma vitambaa ambavyo wenyeji hawakuwa wakivifuma. Walitaja kazi zao waziwazi: huyu mchungaji, huyu mwalimu, hawa wafumaji. Mji ukakubali, na mahali pa kusali wakapewa kripti. Kufikia mwisho wa karne ile walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa Canterbury, na kusuka vitambaa kukawa kazi kubwa ya mji.

Tusiipambe sana. Wenyeji wengine walinung'unika kuwa wageni wanachukua riziki. Na mwaka 1634 askofu mkuu wa hapo hapo Canterbury, William Laud, alitoa amri: watoto wa wageni waliozaliwa Uingereza waache makanisa ya wazazi wao, waende makanisa ya Kiingereza ya mitaa wanayoishi. Ukilisoma unaweza kuona kama ni jambo jema, kuwachanganya watu. Lakini kwa kanisa dogo la wageni lilikuwa ni hukumu ya polepole, maana ukiondoa waliozaliwa hapa, baada ya miaka 30 nani anabaki? Wawaluni walipinga, wakaandika, wakatuma wajumbe. Laud mwenyewe alianguka katika vurugu za kisiasa, akakatwa kichwa kwa shoka mwaka 1645. Kanisa la wageni likabaki.

Wapo mpaka leo, kidogo. Tangu mwaka 1895 wanatumia kanisa dogo la pembeni ya kripti, na bado kuna ibada ya Kifaransa Jumapili alasiri. Wajukuu wa wajukuu wao ni Waingereza wa kawaida kabisa, wengine hata hawajui kwamba majina yao yalivuka bahari.

Hapa ndipo tunapofika kwetu. Kati yetu kuna waliotoka Fizi na Uvira, wengine Makamba na Ruyigi. Wengi wa wadogo zetu wamezaliwa hapa. Wanatuuliza wao ni wa wapi, na sisi tunajibu kwa jina la kijiji ambacho hawajakiona. Kila mwaka tunaambiwa tusijenge cha kudumu, na kila mwaka kile cha muda kinazeeka pamoja na sisi. Hatusemi Canterbury ina jibu. Wale walipewa ruhusa ya kufanya kazi. Sisi wengi hatuna, na hiyo tofauti ni kubwa kuliko jiwe lolote. Lakini tumeona kitu kimoja: orodha yao ya kwanza ilitaja wanachoweza. Orodha zetu sisi zinaanza na tunachokosa. Mtu akija na fomu anauliza wangapi wagonjwa, wangapi hawana turubai. Ni maswali ya lazima, hatuyakatai. Ila kwenye mtaa wetu kuna mzee aliyejenga shule za mawe kabla ya vita, na hakuna fomu iliyowahi kumuuliza.

Jambo la mwisho, kwa wale watakaosema hayo makanisa yana nafasi ya Wazungu tu. Huko London, upande wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, ambalo nalo ni la Gothiki, kulikuwa na vijumba vya sanamu juu ya mlango vilivyokaa vitupu tangu Enzi za Kati. Mwaka 1998 viliwekwa sanamu 10 za watu waliouawa kwa imani yao katika karne ya 20. Mmoja wao ni Janani Luwum, Askofu Mkuu aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Jimbo lake liliitwa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Boga ni Ituri. Yaani nchi zetu karibu zote zilikuwa kwenye jina lake.

Sasa tunaanza orodha yetu, bila kusubiri shirika. Tuandikie hapa chini: kwenu nani ni fundi mwashi, seremala, mshonaji, mfumaji, mwalimu, mkunga? Usiandike jina la mtu wala namba ya nyumba. Taja kazi tu, na miaka aliyoifanya kabla ya kuja huku. Na ninyi mnaokuja na fomu, mkisoma hapa, tunaomba mtuambie: je, kuna sehemu ya fomu yenu tunayoweza kuipeleka orodha hii?